Zamu ya Shingo ya Kongoni

Wiki jana nilikuwa nimesimama Kiamaiko, nyuma ya vibanda vya kuchinjia mbuzi, nikamwona mmoja wenu, vijana wa machinjio, akimwaga ndoo ya damu na mavi ya tumbo kwenye mtaro. Nikamuuliza, "Kijana, hiyo inaenda wapi?" Akanicheka. "Niaje, mzee. Si mvua itabeba." Nikaondoka na hasira mpaka nyumbani, na tangu siku hiyo situlii. Mke wangu ananiambia nimestaafu, uchafu wa Kiamaiko si wangu tena, nikae ninywe chai. Nakaa, nainuka, natoka mpaka langoni, narudi, chai imepoa. Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Kama hamtaki kunisikiliza nikiwa nimewasimamia kichwani, basi nisomeni.

Mnanijua kwa kazi yangu ya mwisho, ya kusimamia mashimo ya taka za machinjio. Mnaniita Mzee wa Chokaa, mnadhani sisikii. Lakini kazi hiyo sikujifunzia kwa mbuzi. Nilijifunzia kwa wanyama wa porini, mtaani Baba Dogo, miaka ya sabini, kabla serikali haijapiga marufuku uwindaji. Wakati huo mtu mwenye bunduki na kibali aliweza kwenda nyikani akapiga kongoni au swala, kisha akataka kichwa chake kitundikwe sebuleni kiwatazame wageni. Sisi ndio tuliomtengenezea hicho kichwa, kwenye banda la mabati karibu na kiwanda cha misumari, nyumba za wafanyakazi zikiwa ng'ambo ya barabara.

Kazi yenyewe ni hivi. Dereva wa mwindaji analeta kichwa pamoja na shingo nzima, kimetiwa chumvi, kimefungwa guniani. Unapasua ngozi kwa nyuma ya shingo, unaichuna taratibu, unageuza masikio ndani nje kama soksi, unazunguka macho na midomo bila kutoboa. Ngozi inaenda kwenye chumvi. Fuvu linachemshwa kwa pipa lenye magadi mpaka nyama ianguke yenyewe, ubongo unatolewa kwa waya. Kisha Mzee Kioko anachonga kichwa cha mti, ngozi inavishwa juu yake, macho ya kioo yanatiwa, mnyama anaonekana kama amesikia mtu akimwita.

Hicho ndicho mwenye sebule alichokiona. Mimi nilibaki na kile ambacho hakukiona: macho yenyewe, ubongo, ulimi, mafuta yaliyokwanguliwa kwenye ngozi, supu ya pipa ambayo ukiinusa huli siku hiyo. Kila kichwa kilichong'aa ukutani kiliacha karai zima la uozo, na karai hilo lilikuwa langu. Kanisani benchi letu lilikuwa na nafasi tele, hata siku ya Krismasi watu wakisimama nje.

Mzee Kioko ndiye aliyenifundisha. Alikuwa mchonga vinyago kutoka Ukambani, mtu mrefu, mchache wa maneno, mwenye vidole vilivyojaa makovu ya patasi. Siku yangu ya kwanza alinipa sururu na koleo, akanipeleka nyuma ya banda, akaniambia, "Chimba." Nikachimba mpaka magotini, nikatoka. Akaja, akatazama, akarudi ndani. Nikajua bado. Nikafika kiunoni, nikatoka tena. Akaja na kikombe chake cha chai, akasimama pale juu akanywa yote. "Musyoka," akasema, "mbwa wa hapa wana miguu mirefu kuliko yako." Nilichimba mpaka udongo ukafika kifuani, na tangu siku hiyo kipimo changu ni hicho. Wafupi kati yenu waongeze kidogo.

Mengine alinifundisha kwa kunikemea. Shimo lisiwe upande unaoteremkia mto, kwa sababu maji ya chini nayo yanatembea. Usitupe na mfuko wa plastiki, unazuia udongo kufanya kazi yake. Chokaa kwanza chini, halafu juu, halafu udongo, halafu mawe. Na kabla ya chokaa, mwagia mafuta ya taa. Hilo la mafuta ya taa ndilo alilolisisitiza kuliko yote. Njaa ipo mjini, alisema, na kuna watu wanaofukua. Ukifukia nyama bila kuiharibu, umeiweka akiba ya mtu mwingine. Kwa hiyo ilikuwa desturi yetu, jambo la mikono tu bila kufikiri: kitu kisichofaa kuliwa, mafuta ya taa juu yake hapo hapo.

Kuna aliyekuwepo kabla yangu ambaye hakupenda kuchimba. Yeye alikuwa akijaza gunia, anasubiri wenzake waende kula, anashuka nalo mtoni. Maji yanabeba, si ndivyo mnavyosema? Basi siku moja gunia likakwama kwenye nduma za kina mama waliokuwa wakilima kandokando ya mto. Mmoja akaona damu, akaona kitu cha mviringo ndani, akapiga nduru. Kufumba na kufumbua wamejaa watu, na polisi wakaja na rungu. Hakuna aliyetaka kufungua. Wafanyakazi wote wa banda letu wakapangwa mstari mbele ya gunia, wanaulizwa nani hayupo nyumbani kwao. Mzee Kioko akatoka kwenye mstari, akafungua gunia, akatoa kichwa cha swala kisicho na ngozi, macho yametoka, akakishika juu. Wanasema koplo alikimbia kabla ya kina mama. Jamaa wa gunia alifukuzwa siku hiyo, na ndivyo mimi nilivyopata kazi.

Sasa nije kwenye shingo, maana ndiyo inayoninyima usingizi nikiwaona na ndoo zenu.

Shingo ya mnyama mkubwa ina nyama nyingi, na mwindaji haihitaji. Ikiwa imekuja mbichi, haijaharibika, tulikuwa tunaila. Msinishangae. Mshahara wetu haukujua njia ya buchari. Kwa hiyo kulikuwa na zamu: leo shingo ni ya Fulani, kesho ya mwingine, unachukua kinachokuja. Hapo ndipo ugomvi ulipokuwa. Zamu yangu ikifika, dereva analeta swala mdogo mwenye shingo kama mkono wa mtoto. Zamu ya Mutua ikifika, analeta kongoni. Nililalamika, tena kwa sauti. Nilisema mbele ya wote kwamba Mutua amemloga dereva.

Mutua alikuwa mwenzangu wa meza, tukichuna pamoja, kijana mchangamfu kutoka Machakos kama mimi. Alikaa Kaloleni, kwenye nyumba ya baraza iliyokuwa ya babake aliyefanya kazi reli. Alikuwa na mke, Ndinda, na mtoto mchanga, lakini ndoa yenyewe ilikuwa imesimama kwa mguu mmoja. Alimtorosha msichana wa watu bila kupeleka hata mbuzi wa kwanza kwao, na baba mkwe, Mzee Nzioka, hakuwa amekanyaga nyumbani kwake wala kumtaja kwa jina. Kisha baada ya mtoto kuzaliwa, mzee akatuma neno: atakuja Jumamosi kuwaona, wazungumze. Mutua alikuwa hawezi hata kushika kisu vizuri wiki hiyo. "Nisipompokea vizuri," aliniambia, "anamchukua. Namjua. Anamchukua na mtoto."

Jumamosi yenyewe asubuhi dereva akaleta kongoni, dume kubwa, shingo nene, bado mbichi. Na zamu ilikuwa ya nani? Ya Mutua. Safari hii nilinyamaza. Hata mimi nilifurahi kwa ajili yake. Mzee Kioko akachuna upesi upesi ili kijana awahi, akakata shingo vipande, Mutua akafunga kwenye karatasi za saruji na kuondoka akipiga mluzi.

Tukabaki sisi wawili na kichwa. Mzee Kioko alikuwa anakwangua ngozi upande wa ndani, mimi nawasha moto wa pipa. Nikaona mikono yake imesimama. Akaigeuza ngozi kwenye mwanga. Akaweka kidole kwenye tundu la risasi, chini ya sikio.

"Njoo hapa," akasema. "Unaona nini?"

"Tundu."

"Pembeni ya tundu."

Sikuona kitu, na hicho ndicho alichotaka nikione. Mnyama akipigwa risasi akiwa hai, damu inavilia pale, nyama inakuwa nyeusi na zambarau kama jicho la mlevi. Hapa ngozi ilikuwa safi kabisa. Mzee akainama akafungua pua ya kongoni. Damu ikachuruzika, nyeusi, nyepesi kama maji ya kuoshea sufuria, na mnyama alikuwa amekufa tangu jana. Damu ya jana haichuruziki.

Dereva alikuwa bado nje anakunywa uji. Mzee akamwita kwa upole, akamuuliza bwana wake alimpiga vipi huyu kongoni. Dereva akacheka. "Huyu? Tulimpata amelala. Bwana akaona pembe nzuri, akampiga tu ndiyo isemekane amewinda."

Mzee Kioko akaangalia kifundo cha mkono wake, palipokuwa na mchubuko wa patasi. Akaangalia mlango aliopitia Mutua akiondoka. Sijawahi kumwona akiogopa kabla ya siku hiyo. "Kimeta," akasema. "Ugonjwa huo unaingia kwa mchubuko, unaingia kwa mdomo. Mnyama wa kimeta hapasuliwi. Tumempasua. Musyoka, kimbia. Wasile. Chochote kilichoguswa na hiyo nyama, niletee hapa nikifukie mimi mwenyewe."

Nilichukua baiskeli ya bawabu, ambayo haikuwa na breki, na siku hiyo sikuzihitaji. Nikashika Juja Road, nikakata Eastleigh, nikagonga toroli la machungwa na sikusimama kuomba msamaha. Kila jiko la makaa nililolipita liliniambia, huko nako wanapika, huko nako wameshapakua. Nilipofika Kaloleni kwaya ilikuwa inafanya mazoezi kwenye ukumbi wa mtaa, watoto wanacheza uwanjani, kila mtu ametulia na Jumamosi yake, na mimi nilitaka kupiga kelele.

Mlango wa Mutua ulikuwa wazi. Ndani wameketi: Mzee Nzioka kwenye kiti kilichowekewa kitambaa, koti limefungwa vifungo vyote, bakora kati ya magoti, mkewe pembeni amembeba mjukuu, na shangazi wa Ndinda. Mutua amesimama kama mhudumu wa hoteli. Mezani kuna sahani tupu. Nikashukuru Mungu kwa hizo sahani tupu.

Sasa nisikilizeni vizuri, nyinyi mnaosalimiana kwa kidole gumba. Nyumba ilikuwa na wakwe. Wakwe wa mara ya kwanza, wenye kisirani. Kijana haingii na kuanza kupayuka. Nikavua kofia. Mzee Nzioka akanisalimu kwa Kikamba, nikaitikia nimeinamisha kichwa. Nikasogea kwa mama, nikampa mikono miwili, akaniuliza mama yangu hajambo, nikasema hajambo, akauliza mvua kwetu, nikasema imenyesha. Nikasogea kwa shangazi. Jasho linanidondokea viatuni. Nikafungua mdomo nimwambie Mutua tutoke nje, Mzee Nzioka akainua mkono.

"Kaa chini, kijana. Tunaomba kwanza."

Nikakaa. Mzee akaomba. Aliombea safari, akaombea walioachwa nyumbani na ng'ombe wao, akaombea serikali, akaombea vijana wanaochukua mabinti za watu usiku kama wezi, na hapo alitulia kidogo ili Mungu amsikie vizuri. Mimi nilikuwa nimefumbua macho. Harufu ya mchuzi ilikuwa inatoka jikoni, vitunguu na dania, na niliweza kusikia mwiko ukigonga sufuria. Mara mbili niliinuka, mara mbili shangazi akanivuta shati.

Amina ikaja, na Ndinda naye akaja na sufuria, akaiweka katikati ya meza, akafunua. Mvuke ukapanda. Mzee Nzioka akajisogeza kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wake umelegea. "Hii ni nyama," akasema.

Mutua akachukua upawa. Hapo ndipo heshima iliponiisha. Pembeni ya mlango palikuwa na jiko la mafuta na chupa yake. Sikufikiri. Mikono ilifanya ilichozoea kufanya kila siku ya Mungu. Nilichukua ile chupa, nikaing'oa kifuniko, nikaimimina yote ndani ya sufuria ya wakwe.

"Nyama ni mbaya," nikasema. "Mnyama alikuwa mgonjwa. Msile."

"Mbaya," Mzee Nzioka akarudia polepole. "Wewe umeijuaje, na umesalimia, ukakaa, ukaomba?"

Nikageuka upande wa mwenye nyumba. Na Mutua, ambaye ningemtegemea aseme neno, alikuwa ananitazama macho yamejaa machozi. "Ni wivu," akasema. "Wazee, huyu ni wivu wa zamu. Amekuwa akilalamika mbele ya watu wote kwamba mimi napata shingo kubwa. Muulizeni kama si kweli."

Wakaniuliza. Ningesemaje? Ilikuwa kweli, na kwa aibu hata neno kimeta halikunijia mdomoni.

Mzee Nzioka akasimama, akaokota kofia. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepumua kidogo. "Nimekuja nyumba ya mtu aliyeniibia," akasema, "nimewekewa chakula, kikamwagiwa mafuta ya taa mbele ya macho yangu. Ndinda, mchukue mtoto." Ndinda akamtazama mumewe. Mutua akatazama sakafu. Ndinda akavua leso ya jikoni, akamchukua mtoto kwa bibi yake, wakatoka wote mmoja mmoja, na majirani walikuwa tayari wamejaa kwenye ua wa michongoma kuangalia.

Mutua akanipiga kofi, kisha akakimbia kuwafuata mpaka stendi. Mimi nikafanya kazi iliyonileta. Sikuweza kufukia pale, mtaa wa watoto na mbwa. Nikafunga kwenye gunia ile sufuria na vyote vilivyomo, kibao cha kukatia, kisu, karatasi za saruji kutoka kwenye pipa la taka, mpaka kitambaa alichofutia mikono. Nikafunga nyuma ya baiskeli, nikarudi Baba Dogo nikiisukuma kwa miguu, nalia kama mjinga barabarani.

Mzee Kioko alikuwa ndani ya shimo jipya, kifua chake hakionekani. Mbali na mto, juu ya kilima. Ndani yake alikuwa ameshaweka kichwa, ngozi, magunia, visu vyetu vizuri, hata glavu. Na pembe. Msimamizi alikuwa amesimama ukingoni anapiga makelele kuhusu pembe za mteja, na Mzee anachota tu chokaa. Tulichoma kilichoweza kuungua, tukafukia kilichobaki, tukapanga mawe. Alipotoka, alijikuna kifundo cha mkono.

Siku zilizofuata Mutua hakuja kazini kwa meza yetu. Aliomba ahamishiwe kwenye upakiaji. Akinipita anageuza uso. Mzee Kioko alipomweleza, Mutua alisema ananitetea tu. Wenzetu nao wakamwamini yeye, maana hakuna aliyeugua na mimi nilikuwa na mdomo unaojulikana. Nilijaribu kumweleza mara nyingi mpaka akaniambia nikimtajia tena kongoni ataniua.

Kisha Mzee Kioko akanionyesha mkono. Palipokuwa na mchubuko palikuwa na lengelenge, na siku iliyofuata lengelenge likazama katikati likawa jeusi kama kaa la moto lililozimika. "Haliumi," akasema. "Hilo ndilo baya lake." Nikampeleka hospitali. Daktari hakubishana naye, alimdunga sindano hapo hapo, akauliza nani mwingine ameigusa nyama mbichi. Nikasema mimi, akaniangalia, akanikuta mzima. Nikasema Mutua, na Mutua alikuwa mzima, nilimwona asubuhi akibeba makasha.

Tulikuwa tumeshafika langoni ndipo nikasimama ghafla. Nilikuwa nimefikiria waliokaribia kula. Sikuwa nimefikiria aliyepika. Nani aliikatakata ile nyama, akaiosha, akaitoa mafuta kwa vidole? Na ni mpishi gani duniani haonji chumvi? Ndinda alikuwa Machakos, nyumbani kwa mtu aliyeapa asituone tena, na hakuna mtu huko aliyejua cha kutazama.

Mzee Kioko alikwenda moja kwa moja kwa Mutua, akafungua bendeji mbele yake pale penye makasha. Mutua akatazama. Alivua aproni tu, akaiangusha chini, na sote watatu tukaenda kutafuta basi la Machakos.

Njia nzima Mutua alikaa mbele, sisi nyuma. Alikuwa anakisukuma kiti cha dereva kwa goti kana kwamba basi litakwenda kasi zaidi.

Mzee Nzioka alituona tukipanda kilima, akaja kusimama langoni mwa boma, bakora imelala kutoka nguzo hadi nguzo. Hakutusalimu. Kwetu mtu mzima asipokusalimu amekufukuza, hahitaji kusema zaidi. Mutua akaanza, "Baba," na mzee akasema, "Mimi si baba yako." Mutua akapiga magoti vumbini na bado bakora haikusogea.

Mzee Kioko akapita mbele yake. Naye hakusalimu. Alifungua bendeji, akainyoosha, akauweka mkono wake juu ya ile bakora, pale chini ya macho ya mwenyewe.

Mzee Nzioka alikuwa mfugaji maisha yake yote. Alilitazama lile doa jeusi muda mrefu. Akageuka bila kutoa bakora, akaita kwa sauti iliyokatika, "Ndinda. Njoo hapa. Lete mikono."

Ndinda akatoka jikoni, mtoto mgongoni. Alikuwa amefunga kidole kwa kitambaa. "Niliungua na sufuria," akasema, "siku ile ya Kaloleni. Ni kidogo tu, hakiumi."

Babake ndiye aliyefungua kile kitambaa. Bakora ilikuwa imeanguka, hakuna aliyeiona ikianguka.

Tulimpeleka hospitali ya Machakos kwa pikapu ya jirani, mzee mwenyewe amemkumbatia nyuma kama mtoto mdogo, Mutua ameshika miguu yake. Walimdunga sindano, wakamlaza. Daktari akamuuliza kama aliila ile nyama. "Sikuila," akasema. "Nilionja mchuzi tu, chumvi. Huyu shemeji alikuwa ameshaingia, nilimsikia akisalimiana na nyinyi. Mlikuwa mnaomba." Daktari akasema basi lazima wamwangalie tumbo, na kwamba hawezi kutuahidi kitu.

Tukakaa kwenye benchi la nje, wanaume wanne. Siku hizo zilikuwa ndefu, sitaki kuzisimulia. Mutua alikuwa akitembea kando ya ukuta kwenda na kurudi. Mzee Nzioka alikuwa haombi. Nililiona hilo na likaniogopesha kuliko yote, mzee yule wa maombi marefu, amekaa na kofia magotini, midomo imefungwa.

Kisha asubuhi moja muuguzi akatoka akatuambia Ndinda ameomba uji, ameunywa wote, na anauliza kwa nini mtoto wake amevalishwa sweta kinyume. Mutua akaingia mbio. Mzee Kioko akaegemea ukuta akafumba macho. Mimi nilibaki pale benchi na Mzee Nzioka, na hakuna mmoja wetu aliyejua mahali pa kuweka uso.

Alivaa kofia. Akaivua. Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu siku ya sufuria, macho mekundu, akanishika mkono na hakuuachia.

"Kijana," akasema, "siku nyingine ukija kumwaga chakula changu, usinisalimie kwanza."